Ubao wa Waliovunja Mkataba

Mlangoni pa studio yangu, hapa Shika Adabu, Likoni, pana ubao mweusi. Niliutundika mimi. Juu yake nimeandika kwa rangi nyeupe isiyofutika: WALIOVUNJA MKATABA. Chini yake majina huandikwa kwa chaki, na hukaa siku thelathini. Wapiga picha wengine huweka sura za maharusi mlangoni ili wavute wateja. Mimi niliweka majina ya wateja, ili anayeingia ajue anaingia kwa nani.

Jina la kwanza lilikuwa la Chrispine Ruwa wa Kiembeni. Alinikodi nipige picha za arusi yake, na nilipofika kanisani nikamkuta mjomba wake na kamera shingoni, kila mahali pazuri pa kusimama amesimama yeye. Nina picha mia mbili na arubaini za kisogo cha mjomba huyo. Chrispine alikuja kunisihi nifute, akasema tuubadilishe mkataba, tuandike kwamba mjomba aliruhusiwa. Nikamjibu mbele ya mtaa mzima kwamba mkataba wangu haubadilishwi, na sauti yangu siku hiyo ilifika mpaka stendi.

"Rashad," akaniambia Kai, kinyozi wa duka la pili, "ubao wako wanitisha hata mimi, na mimi sijaoa."

"Usivunje mkataba, hutatishika."

"Mkataba gani? Mtu akiketi kitini nikamtia povu, kwisha. Hawezi kuondoka na shavu moja."

Kai ni mtu mwema, lakini kazi yake haina karatasi, kwa hiyo huwa namhurumia.

Mkataba wangu niliuandika mwenyewe. Rafiki yangu alinitumia ule wa studio moja kubwa ya Nairobi, kurasa tisa za Kiingereza. Nilipousoma niliona ni mkataba wa watu wanaoogopana. Nikautupa, nikaandika wangu: kurasa mbili, vifungu kumi na vinne, Kiswahili chetu kilichonyooka, kila kifungu nimekisema kwa sauti mara kumi kabla ya kukiandika. Wakili mmoja niliyempiga picha ya pasipoti alijitolea kuutazama bure. Bure! Nikamwambia atazame ya kwake. Mtu aliyezaliwa na lugha hii ahitaji wakili wa nini?

Kifungu nilichokipenda kuliko vyote ni cha nne: "Picha zote za shughuli zitapigwa na Rashad Abdulaziz mwenyewe, kwa mikono yake, wala hatamtuma mtu mwingine." Kwa hicho niliwalenga wenye studio za ng'ambo ya pili ya feri, wanaopokea arusi nne siku moja kisha wakatuma watu wasiojua hata kufungua lenzi. Cha saba kinasema picha zote ni mali ya Rashad Abdulaziz na yeye ndiye mwenye kuzihifadhi. Cha kumi na moja ndicho kilichouzaa ubao: "Atakayevunja mkataba huu hupoteza haki zake zote zilizomo, na jina lake huandikwa ubaoni siku thelathini." Mwanzo nilikuwa nimeandika "mteja atakayevunja". Nikalitoa hilo neno mteja, lilikuwa likiharibu mlio.

Nasema studio yangu. Yumo pia dada yangu Nasreen, ambaye hunisaidia.

Arusi za kwetu zina pande mbili. Upande wa wanaume ni nikahi: msikiti, makanzu, halua na kahawa, na wazee waliokaa kimya kama wanaopimwa suti. Upande wa wanawake ni kupamba. Bibi arusi huketishwa jukwaani, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, wanawake watupu ukumbini, na simu zote zimeachwa mlangoni. Mwanamume haingii, awe nani awe. Kwa hiyo huko huenda Nasreen na kamera yangu. Akirudi huzisafisha picha mwenyewe katika chumba cha nyuma, mlango kaufunga, akatengeneza albamu, akaizungushia karatasi. Mimi hupiga muhuri wa RASHAD PICHA juu ya karatasi.

Sijapata kuziona picha hizo. Nazijua kwa sifa. Akina mama hunisimamisha njiani: "Masha'Allah, Rashad, zile picha za kupamba! Una jicho wewe!" Nami huinamisha kichwa, maana sipendi kujisifu.

Nilimfundisha mimi kupiga picha, ingawa yeye husema tulijifunza pamoja, na marehemu mama alikuwa akisema Nasreen ndiye aliyenifundisha mimi.

Basi akaja Bi Mwanarehema. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani huko Timbwani. Nusu ya wanaume wa Likoni wamejifunza alifu mbele ya fimbo yake, na mimi ni mmoja wao. Alikuwa anamwoza binti yake Mwanasiti. Nikampa mkataba, naye akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kukisogeza.

Wateja wangu hawasomi. Hutia saini huku wanaongea na simu. Bi Mwanarehema alifika kifungu cha pili, mimi nikawa nimeshapiga picha tatu za pasipoti.

"Bi, nina watu wawili wanaitaka Jumamosi hiyo hiyo," nikasema.

"Nasoma, mwanangu."

"Si Kurani hiyo, Bi."

Kidole kikasimama. Alinitazama juu ya miwani kwa namna iliyonirudisha kwenye mkeka nikiwa na miaka saba. Lakini nilikuwa nimemharakisha, na kweli Jumamosi zilikuwa zikiisha. Akatia saini, akakunja nakala yake, akaondoka nayo kifuani.

Jumatatu ya wiki ya arusi alirudi. Nilikuwa nimekaa mlangoni, na Kai amesimama nje ya duka lake akinoa wembe, mteja wake ndani ana povu.

"Hodi."

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Jumamosi waja ukumbini saa ngapi?"

"Nikahi ni saa nne, Bi. Saa tatu unusu nitakuwa msikitini."

"Sikuuliza msikiti. Nimeuliza ukumbi. Kupamba."

Nikacheka. "Ukumbini yuaja Nasreen."

"Nasreen ni nani?"

"Bi nawe! Dada yangu. Ndiye aliyekuja kwa binti yako mkubwa."

"Mimi namjua," akasema. "Karatasi haimjui." Akaikunjua, akaweka kidole penye kifungu cha nne. "Soma."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti, maana ni kifungu kizuri. Nilipofika "mtu mwingine" sauti ilipungua yenyewe.

"Na hapa," akakisogeza kidole. "Picha zote ni mali ya nani?"

"Yangu."

"Mwanangu ataketi nywele wazi, shingo wazi, mikono wazi. Na picha yake ni mali ya mwanamume asiye babake, wala nduguye, wala mumewe. Na aliyetia saini ni mimi, mamake, ninayewafundisha watoto wa watu stara. Siku ya tatu leo chakula hakinipiti."

"Lakini Bi, wallahi sizitazami! Sijapata kutazama hata moja!"

"Nakuamini. Wapi imeandikwa?"

Nikaigeuza karatasi, nikatazama hata mgongoni.

"Basi ni jambo jepesi," akasema, na sauti yake ikawa laini. "Chukua kalamu. Andika hapa chini: kupamba atapiga Nasreen, na picha za kupamba ni za Mwanasiti. Nami nitakwenda kula."

Lilikuwa jepesi kweli. Kalamu ilikuwa mfukoni. Lakini Kai alikuwa ameacha kunoa, na yule mteja wa povu alikuwa ametoka nje kusikiliza, na juu ya kichwa changu jina la Chrispine lilikuwa bado na siku tisa.

"Mkataba ukishatiwa saini haubadilishwi, Bi," nikasema. "Hata neno."

"Hata neno?"

"Ningeubadilisha kwako, ningemwambia nini Chrispine?"

Akaikunja karatasi pole pole. "Haya. Nakungoja Jumamosi, wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Usipokuja, ubao huu hapa. Na chaki usinunue. Mimi ni mwalimu, ninazo."

Alipopinda kona Kai akasema, "Rashad, ndugu yangu. Leo umetiwa povu."

Nikaingia chumba cha nyuma. Nasreen alikuwa amesikia yote, ukuta wetu ni wa mbao.

"Jumamosi utakwenda kama kawaida," nikamwambia. "Huyu bibi anataka kunitisha tu."

"Siendi."

"Huendi kwa nini?"

"Nikienda nakuvunjia mkataba. Mimi ni mtu mwingine."

"Wewe ni mkono wangu!"

"Mikono unayo miwili, Kaka, naiona. Huo wa tatu umeandikwa kifungu gani?" Hakugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Miezi sita wanawake wametia saini kwamba picha zao umezipiga wewe. Mimi nilikuwa natoka mle ukumbini mgongo waniuma, mtu ananiambia, 'Msalimie Rashad, kazi yake nzuri.' Nami nasema zimefika."

"Wataka nini basi? Nikuongeze posho?"

"Nani kataja posho? Nataka mtu akiuliza kapiga nani, jibu liwe la kweli. Useme wewe, kwa mdomo huo unaoufikisha mpaka stendi."

Nikatoka. Sikuwa tayari kufundishwa kazi na mtu niliyemfundisha, hata kama marehemu mama angebisha.

Na wala sikuwa nimeshindwa. Kufika Jumanne nilikuwa nimepata njia, na nilishangaa wanasheria wanasomea nini miaka yote ile. Jumamosi ningekwenda ukumbini, kamera mkononi, tayari kwa kazi. Mlangoni wangenizuia, maana wasingekuwa na la kufanya ila kunizuia. Na anayezuia kazi isifanyike ndiye anayevunja mkataba. Jina ubaoni lingekuwa la Bi Mwanarehema, kwa chaki yake mwenyewe. Nilimwambia Kai. Akasema atakuja kuangalia.

Siku ikafika. Nikahi ikapita salama. Nilipiga picha nzuri za masikio ya bwana arusi yakiwa mekundu. Baada ya Alasiri nikaenda ukumbini, kanzu yangu imepigwa pasi, kamera mbili, flashi mpya. Nje ya ukumbi, kivulini, wanaume wa arusi walikuwa wameketi na kahawa, Kai kati yao kama aliyenunua tikiti. Nasreen alikuwa amesimama kando ya ukuta na mkoba wake, buibui jeusi tupu, akitazama barabara.

Mlangoni alikaa shangazi wa bibi arusi, mwanamke mpana, na kikapu cha simu mapajani.

"Simu," akasema.

Nikampa.

"Kamera."

"Kamera ni kazi, shangazi. Mimi ndiye mpiga picha."

"Nakuona. Na ndevu pia naziona."

Kivulini wakacheka. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nimekuja kutimiza mkataba. Mnanizuia? Semeni kama mnanizuia."

Pazia likafunguka, akatoka Bi Mwanarehema, amejifunika vyema, anukia udi. Nikarudia, "Bi, nimefika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Je, nimezuiwa?"

Alinitazama, akaitazama ile kamera, akamtazama Kai aliyekuwa amejiziba mdomo. Nadhani palepale aliiona njia yangu yote, mwanzo na mwisho.

"Nani kakuzuia, mwanangu?" akasema. "Karibu."

Akalishika pazia. Shangazi naye akasogeza kiti chake, kikapu na vyote, mlango ukawa mpana. Bi Mwanarehema akageuza uso ndani na kuita kwa sauti ya chuoni, "Enyi wanawake! Rashad Abdulaziz aingia! Ana mkataba!"

Sijapata kusikia kelele kama ile. Wengine walipiga vigelegele, wengine walipiga yowe, wengine walicheka mpaka nikasikia kiti kinaanguka. Nyuma ya hayo yote palikuwa na mchakacho wa mabuibui mia mbili yakivutwa kwa pamoja. Kivulini hakucheka mtu tena. Walikuwa wameacha kahawa. Mle ndani walikuwamo mama zao na wake zao, na wote walikuwa wakiutazama mguu wangu wa kulia.

Mguu wenyewe haukwenda. Niliuambia, haukwenda. Nikiingia, hakuna nyumba Likoni ambayo ingenifungulia mlango tena, hata kwa picha ya pasipoti. Nisipoingia, jina langu lingekaa mlangoni pangu.

"Mama!" ikaja sauti ya Mwanasiti kutoka ndani. "Wanja wanimwagika huku! Nitapigwa picha leo au mpaka nizae?"

Bi Mwanarehema aliendelea kulishika pazia kwa adabu, kama anayemngojea mgeni avue viatu.

Nikageuka. Nasreen bado alikuwa akiitazama barabara. Nikamwendea, nikamnyooshea kamera.

"Shika."

Hakushika. "Mimi ni nani, Kaka?"

"Nasreen, watu wanatazama."

"Ndiyo maana nauliza sasa."

Nilitafuta la kusema lenye heshima kwangu. Ajabu ya Kiswahili, lugha pana yote hiyo, halikuwamo. Nikawageukia wale wa kivulini, na shangazi, na Bi Mwanarehema, nikasema, na sauti nadhani ilifika stendi kwa mazoea tu:

"Namtuma dada yangu, Nasreen Abdulaziz. Picha za kupamba hupiga yeye. Zote. Na zile mlizozisifu ni zake. Mimi hata sijaziona."

Nasreen akaichukua kamera, akaigeuza, akakagua lenzi. "Umesahau kufuta vumbi," akasema, akaingia. Pazia likafungwa. Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya namna nyingine.

Kai akanisogezea kikombe cha kahawa. "Keti, ndugu yangu. Shavu moja tayari."

Jumapili asubuhi sikumngoja Bi Mwanarehema. Sikutaka kuandikwa na mtu. Niliandika mwenyewe, mwandiko mzuri kuliko wa jina lolote lililopata kukaa pale: Rashad Abdulaziz, Shika Adabu. Alimtuma mtu mwingine. Na kwa kuwa atakayevunja hupoteza haki zake zote zilizomo, nikaandika barua kwamba picha za Mwanasiti si zangu, ni za Mwanasiti. Bi Mwanarehema alipokuja aliisoma kwa kidole, akaikunja, akaitia kifuani.

"Kila ulichokiandika umekitimiza," akasema. "Watu wa hivyo ni wachache."

Sikujua kama ni sifa. Nikamshukuru.

Watu walikuja kusoma, kama nilivyotegemea. Walikuja wa Mtongwe, walikuja wa Majengo, alikuja Chrispine na mjomba wake, na mjomba akaupiga picha ubao. Nilikaa mlangoni kichwa juu. Lakini siku ya nne akaja mama mmoja na binti yake, wakasoma, wakanong'onezana, mama akaniuliza, "Huyo mtu mwingine yupo?"

"Yupi?"

"Uliyemtuma. Sisi ndiye tunamtaka."

Siku ya sita walikuja watatu. Wiki ya pili nikaacha kunyanyuka. Nilikuwa nanyoosha kidole tu kuelekea chumba cha nyuma. Siku ya thelathini na moja nilichukua kitambaa nifute jina langu, Nasreen akaniambia kutoka ndani, "Liache, Kaka, linaleta watu." Sikufuta. Si kwamba aliniambia yeye. Mkataba unasema jina lifutwe lini, hausemi nani afute.

Sasa Nasreen ana mkataba wake. Nusu ukurasa. Hauna mlio wowote. Umeandikwa kama orodha ya sokoni. Aliupeleka kwa yule wakili wa pasipoti, akautazama bure. Juzi aliniletea nami nakala nitie saini, maana tunafanya kazi pamoja na ni vizuri mambo yawe wazi. Nikaketi mlangoni. Kai akaja akasimama nyuma yangu. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Si Kurani hiyo," akasema Nasreen.

"Nasoma."

Nikafika kifungu cha nne: "Picha za upande wa wanaume zitapigwa na Rashad Abdulaziz, atakapotumwa."

"Atakapotumwa?" nikasema. "Nani anatumwa? Hili neno tulibadilishe."

"Hujatia saini bado. Badilisha. Ukipata lililo bora, niambie."

Nililitafuta mpaka mteja wa Kai akanyolewa, akalipa, akaondoka. Nilijaribu moja baada ya jingine, kwa sauti, kila moja mara kumi. Kila lililokuwa la kweli halikunipendeza, na kila lililonipendeza, Nasreen alikohoa kidogo.

Mwisho nikamwomba kalamu.